Moyo Hulindwa kwa Kuziba Upungufu, si kwa Kurundika Vidonge

Mimi ni mfamasia hapa Mombasa, na naandika kwa sababu fedha nyingi za wagonjwa wetu zinaishia kwenye chupa za antioksidanti, yaani viambato kama vitamini E vinavyozima chembe haribifu mwilini, zinazouzwa kwa ahadi ya kulinda moyo, ilhali upungufu wa madini ambao kweli unaudhuru moyo unapita bila kupimwa. Mambo haya mawili yanahusiana kisayansi, na uhusiano huo ndio unaotumiwa kuuza chupa hizo.

Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na kila pigo linahitaji nishati inayotengenezwa kwa oksijeni ndani ya mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati vilivyo ndani ya seli. Sehemu ndogo ya oksijeni hiyo hugeuka kuwa chembe zenye ukali, ziitwazo radikali huru, ambazo hushambulia mafuta yaliyo katika utando wa seli. Zinapozidi uwezo wa mwili kuzizima ndipo wataalamu husema kuna msongo wa oksidisho. Mafuta ya utando huharibika kama yale ya korosho iliyokaa mno hadi ikanuka, isipokuwa korosho hutupwa na moyo hauna wa kuubadilisha. Hatari huwa kubwa zaidi pale mshipa ulioziba unapofunguliwa, kwani damu inaporejea ghafla kwenye msuli uliokosa hewa, radikali hizo huzalishwa kwa wingi katika dakika za mwanzo.

Kinga ya mwili dhidi ya uharibifu huu imejengwa kwa madini. Kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, ambacho wanasayansi Joe McCord na Irwin Fridovich walieleza kazi yake mwaka 1969 kinahitaji shaba na zinki, na kile kinachofanana nacho ndani ya mitokondria kinahitaji manganizi. Kingine, kinachomalizia kazi kwa kugeuza peroksidi, masalia ya radikali hizo, kuwa maji, kina seleniamu katika kiini chake. Vitamini E hukaa ndani ya utando wenyewe na kukatiza uharibifu usienee. Madini yakikosekana, vimeng'enya hivi hulegea, na mzigo wote huangukia vitamini.

Ushahidi mzito kuliko wote ulitoka China. Mwaka 1935, katika wilaya ya Keshan kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, ulizuka ugonjwa wa msuli wa moyo ambao baadaye ulionekana katika maeneo mengine yenye udongo uliopungukiwa na seleniamu, ukiwapata hasa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Watafiti waliwapa watoto vidonge vya seleniamu mara moja kwa wiki na kuwalinganisha na wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka 1974, kati ya watoto 3,985 wasiopewa seleniamu waliugua 54, na kati ya 4,510 waliopewa waliugua 10. Baadaye ilidhihirika kwamba kirusi cha koksaki nacho kilihusika: katika panya waliokosa seleniamu, kirusi ambacho awali hakikudhuru moyo kilibadilika kikawa hatari. Kila ninaporudia habari hii huwa nastaajabu kwamba chakula cha mwenyeji kinaweza kubadilisha tabia ya mdudu anayemvamia.

Kwa upande wa magnesiamu, wanyama wa maabara waliolishwa chakula kisicho nayo ya kutosha walipata vidonda katika msuli wa moyo, na walipopewa vitamini E vidonda hivyo vilipungua. Magnesiamu yenyewe si antioksidanti. Kupungua kwake huchochea uvimbe mwilini na huruhusu kalsiamu kuzidi ndani ya seli, na hayo ndiyo yanayoongeza radikali huru.

Kutokana na matokeo ya namna hii watu waliruka hadi hitimisho kwamba kila mwenye wasiwasi na moyo wake ameze vitamini E. Dai hilo lilipimwa kwa binadamu. Utafiti wa HOPE, uliotolewa mwaka 2000, uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 9,000 kwa muda wa miaka minne na nusu hivi, na vitamini E haikupunguza mishtuko ya moyo, viharusi wala vifo. Utafiti mwingine, wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2002 na kuhusisha watu 20,536, uliongeza vitamini C na beta-karotini, na bado hapakuwa na faida. Wagonjwa wa HOPE walipoendelea kufuatiliwa, matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba waliokuwa wakimeza vitamini E walipata zaidi ugonjwa wa moyo kushindwa kusukuma damu. Kwa maoni yangu matokeo haya hayapingani na yale ya Keshan hata kidogo. Watoto wale walikuwa na pengo lililohitaji kuzibwa, na hawa wazee kwa jumla hawakuchaguliwa kwa kuwa na pengo lolote.

Basi swali la kujiuliza hapa kwetu ni nani mwenye pengo. Mama mmoja wa makamo alinijia na cheti cha dawa ya kukojoza aliyoandikiwa kwa ajili ya presha, akaongeza, "Mwanangu, nipe na hiyo ya vitamini, moyo upate nguvu." Nilipomdadisi akaniambia kwamba misuli ya miguu humkaza usiku, kwamba ana sukari, na kwamba amekuwa akitumia omeprazo ya vidonda vya tumbo kwa muda mrefu. Dawa za kukojoza, sukari isiyodhibitiwa na omeprazo ya muda mrefu, kila moja yaweza kupunguza magnesiamu mwilini, na mama huyu alikuwa nazo zote tatu. Sikumuuzia chupa ile. Nilimrudisha kwa daktari wake na kijikaratasi kinachoomba apimwe magnesiamu pamoja na potasiamu.

Hivi viwili ni vya kupimwa pamoja, kwa kuwa magnesiamu ikiwa chini, figo huendelea kupoteza potasiamu, na mgonjwa aweza kupewa potasiamu siku nenda siku rudi isipande, huku mapigo ya moyo yakivurugika. Hata hivyo, jibu la maabara linalosomeka sawa halifungi mjadala, maana magnesiamu iliyo katika majimaji ya damu ni chini ya asilimia 1 ya ile yote ya mwilini. Daktari atazame pia dawa na dalili.

Kuhusu chakula, tuna cha kutosha mkononi. Kunde, mbaazi za nazi, mchicha, korosho na wimbi vina magnesiamu nzuri. Samaki wa baharini na pweza wana seleniamu. Linalonikera ni unga mweupe uliokobolewa, kwani magnesiamu nyingi ya mahindi huondoka na pumba na kiini. Tangu mwaka 2012 Kenya imewataka wasagaji wa unga wa pakiti waongeze chuma, zinki na baadhi ya vitamini, lakini si magnesiamu wala seleniamu. Finland, ambayo udongo wake una seleniamu kidogo, iliamua mwaka 1984 kuitia kwenye mbolea, na kiwango chake katika damu za watu kikapanda. Nasi tungepaswa kwanza kujua mashamba yanayotulisha yana nini.

Mwenye ugonjwa wa figo asinunue magnesiamu kwa hiari yake, kwa sababu figo dhaifu hushindwa kuitoa na ikizidi huweza kusimamisha moyo. Seleniamu nayo ikipita mikrogramu 400 kwa siku kwa muda mrefu huangusha nywele na kuharibu kucha, kwa hiyo anayemeza vidonge vya aina mbili au tatu ajumlishe kilichoandikwa kwenye kila chupa kabla ya kuongeza nyingine.