Nimelipa hela gari ishuke, sasa tunashuka sisi

Jamani naombeni msinicheke mpaka nimalize, maana nawajua nyie, mtu hata shida yenyewe hajaisikia ameshashika mbavu.

Mimi nina kigari changu hapa Kigoma, Starlet, ile EP91 ya mwaka 1997, milango mitano, rangi zamani ilikuwa nyeupe sa'hivi ina rangi ya vumbi la Gungu. Nilinunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu aliyenunua kwa mwalimu, na katika msafara mzima huo mwenye akili alikuwa mwalimu peke yake maana aliuza mapema. Lakini sikisemi vibaya. Injini ya 1300, mafuta inadonoa tu kama kuku anavyodonoa maji, na kutoka kule chini stesheni mpaka huku Mwanga ilikuwa inapanda na watu watano bila kununa. Narudia, ilikuwa.

Mambo yalianza na shokapu ya nyuma kulia kuvuja oili. Ukibonyeza buti ukaachia, gari inainama inainuka, inainama inainuka, kama mzee anaitikia dua. Fundi akaniambia hii imekufa, na ya kushoto iko njiani kwenda kuzika mwenzie, agiza zote nne tu bosi. Hapo sikubisha kwa sababu ni kweli, kazi ya shokapu ni kumtuliza springi, yeye akiondoka springi anabaki anarukaruka kama mtoto aliyeachwa na house girl, breki unakanyaga leo inashika kesho, na tairi inaliwa mabaka mabaka. Nikaagiza Dar. Reli ya kuja huku ilifika Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 zilizotandazwa kwa jasho la babu zetu, mimi shokapu nne tu zimekaa njiani wiki tatu na kila nikipiga simu muuzaji ananiambia "zimeshatoka mzee, zimeshatoka". Zimetoka kwenda wapi hakusema.

Sasa ningekuwa na bahati zingefika mpwa wangu ameshaondoka. Hakuwa ameondoka. Huyu ni mtoto wa dada, anasoma ufundi magari, alikuja likizo na suruali iliyobana mpaka anakaa kwa awamu. Akazunguka gari yangu mara mbili, akachuchumaa, akafumba jicho moja kama anapima ukuta wa nyumba.

"Mjomba, hii gari haijakaa."

"Haijakaa wapi?"

"Haijakaa tu. Ona hapo kati ya tairi na fenda, ngumi inapita. Si shokapu zinafunguliwa? Springi zitakuwa nje, tunapunguza kidogo, gari inakaa."

Nyie mnaishi huku mnajua. Mji huu kila mtu anapandisha. Mwenye IST anapandisha, mwenye Vitz anapandisha, mwenye Passo ndo usiseme, fundi anaweka spesa, kipande cha kuinulia, juu ya shokapu gari inasimama kama mbuzi aliyesikia fisi, na sababu ipo, ukitoka tu kwenye lami ukaingia mtaani ni mawe, mitaro, na mvua ikianza Novemba huko maji yanakimbilia ziwani yamebeba nusu ya barabara. Watu wazima wote wanapandisha. Mimi, baba wa watoto wanne, nywele zimeanza kuniaga, nikashusha.

Mnajua kilichonishawishi? Kalamu. Yule kijana alifungua biki akatoa kale kaspringi, akanibonyezea mezani. Akakata kipande kwa koleo, akasema sasa bonyeza tena mjomba. Nikabonyeza, kweli kamekuwa kafupi alafu kagumu. "Umeona? Mizunguko ikipungua springi inakaza. Kama ina mizunguko sita ukatoa mmoja na nusu, inakuwa ngumu theluthi nzima zaidi ya mwanzo. Kwa hiyo gari haipepesuki kwenye kona, inashika chini kama ya mashindano." Mashindano. Mimi kona ninayoijua ni ile ya sokoni na napita spidi ishirini kwa sababu ya mama wauza ndizi. Nikasema kata.

Siku ya kazi nilikaa nyuma ya mwembe, siwafichi. Zile springi za mbele zinakaa zimebanwa, ukifungua nati ya juu kienyeji inaruka na meno yako. Fundi alizibana na vyuma vyake, akafungua taratibu, akaniita, "bosi njoo imelala". Akataka kukata na gesi, mpwa akaruka, "usitie moto, chuma kitalegea!" Basi wakakata na grenda, cheche mpaka kwa jirani, vipande vinne vikaanguka chini ting, ting, ting, ting. Kila ting moja laki ya baadae lakini masikio ya wakati ule yalisikia muziki.

Alafu nikaongeza ujinga juu ya ujinga nikachukua na spoti rimu za inchi 15 za mtumba, na tairi 195/50. Hiyo hamsini maana yake kimo cha mpira ni nusu ya upana wake, hazifiki sentimita kumi. Tairi utadhani rimu imepakwa masizi.

Niseme ukweli, siku ya kwanza gari ilipendeza. Niliipaki Mwanga barabarani vijana wawili wakapiga picha nayo, mmoja akaniita "mwamba". Hajawahi mtu kuniita mwamba. Nilirudi nyumbani natembelea ncha za vidole, mama Shukuru akatoka jikoni akaangalia, akauliza, "Baba Shukuru, wamekuibia nini huko chini?"

Raha yote ikadumu siku moja na nusu, sawa na ule mzunguko uliokatwa.

Kumbe njia yangu ya kila siku ina matuta tisa. Miaka yote napita sijawahi kuyahesabu, sa'hivi nayajua kama majina ya wanangu, kuna lile la shuleni lina mgongo, kuna lile la msikitini limenyooka lakini lina mwenzie nyuma yake, ukimaliza wa kwanza unashusha pumzi wa pili anakupokea na egzosi. Nikiwa peke yangu napita kimshazari, tairi moja moja, kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi, huku nyuma honi zinalia. Nikiwa na familia haiwezekani. Kwa hiyo utaratibu wa nyumba yetu ukawa huu: tukifika tuta nasema "haya", milango mitatu inafunguka kwa pamoja, wote wanashuka, wanavuka kwa miguu, mimi navusha gari tupu, wanapanda. Mita mia mbili mbele, "haya". Watoto walizoea mpaka yule mdogo akawa anashuka hata nikisimama kwa ajili ya kumpisha ng'ombe. Siku moja bajaji imetupita tuko kwenye kushuka kwa tatu, abiria akatoa kichwa akauliza, "Mnaisindikiza?"

Mtihani ukaja siku ya kumchukua mama mkwe Ujiji tumpeleke harusini Mwandiga. Sasa mkwe unamwambiaje ashuke? Mtu ambaye hata kumuangalia usoni unaangalia kwa ruhusa, amevaa vitenge vipya, amekaa mbele, umwambie mama teremka gari haina nguvu ya kuvuka tuta? Nikaamua abaki, wengine washuke. Tukafika lile la msikitini. Nikapanda la kwanza, kimya. Nikashuka, nikajisahau nikashukuru Mungu, la pili likaanza kuikwangua gari kutoka bampa mpaka kwenye buti, kwaruuuuu, sauti ndefu mpaka mwadhini nadhani alisubiri nimalize. Kukawa kimya. Mama mkwe akaweka vizuri mkoba wake mapajani, akasema kwa upole kabisa, "Baba Shukuru, hicho kilichokatika ni chako au cha serikali?"

Kilikuwa changu. Kipande cha egzosi. Harusini tulifika tunanguruma kama trekta, MC akadhani bwana harusi.

Vijana wa boda ndo wamenipa jina, nikipita wanasema "Liemba hiyo, imezama!" Na mimi hilo jina limenikaa moyoni sio kwa kejeli yao, kwa historia. Maana ile meli, kwa wasiojua, iliundwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande kwenye makasha, ikaungwa hapahapa Kigoma, ikaingia majini 1915. Julai 1916 vita imewazidi, Wajerumani wakaizamisha kwa mikono yao isichukuliwe. Lakini sikiliza hapa, kabla ya kuizamisha wakaipaka injini grisi ya kutosha. Waingereza wakaja kuiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Yani Mjerumani anazamisha huku anajua ipo siku itainuliwa. Mimi fundi wangu hakuacha hata milimita. Amekata.

Na kukata ndo kosa lenyewe, mpwa ameniambia juzi kwenye simu, baada ya kila kitu. Kumbe zipo springi fupi zimetengenezwa kiwandani zinaenda na shokapu fupi za saizi yake, gari inashuka sentimita tatu nne tu na inakaa kistaarabu. Na zipo koiliova, yani shokapu na springi yake kitu kimoja, zina uzi kama wa bolti, unazungusha ringi unashusha, ukichoka unazungusha unapandisha. "Mbona hukuniambia?" "Mjomba bajeti yako niliiona." Mtoto wa dada huyo.

Sisi tumechukua shokapu mpya ndefu tukaiwekea springi iliyokatwa. Ukiinua gari na jeki springi inacheza humo ndani kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Ukishusha, shokapu inakaa imejikunja muda wote, haina pa kwenda, shimo dogo tu inagonga mwisho wake, koh. Mgongo wangu naujua pingili kwa pingili. Nikachukua madumu manne ya mawese kule Mwandiga, lita ishirini ishirini, si mzigo wa ajabu huo, zamani nilikuwa nabeba sita na shangazi juu yake. Nyuma ikalala mpaka tairi ikaanza kulamba fenda, nasikia harufu ya kuungua nikadhani kuna mtu anachoma matairi porini, nikawa natukana watu wanaoharibu mazingira. Nimefika nyumbani ndo najua alikuwa mimi.

Na tairi za mbele sasa. Gari ikishuka hivi magurudumu yanapanua miguu kama mtoto aliyevaa nepi, juu yanaingia ndani, chini yanatoka nje. Kwa hiyo tairi inaliwa upande wa ndani tu, usikoona. Ukisimama nje unaona kashata mpya zimejaa, askari wa barabarani mwenyewe alinisifia, "mzee una tairi nzuri". Nikaingiza mkono kwa ndani siku naosha gari, kikanichoma kitu. Waya. Miezi minne tu. Nikaenda alaimenti, kule wanakonyoosha magurudumu, kijana akapima akapima akasema tairodi, vile vyuma vya usukani, nimekaza kadri ya uwezo, lakini huo ulalo unatokana na springi, mtu aliyekata ndo umfuate.

Nikamfuata. Nikamwambia fundi nirudishie gari yangu ilivyokuwa, vile vipande tuviunge na welding. Akacheka mpaka akakaa juu ya ringi. Springi haiungwi, akasema, ukiichomelea chuma kinakuwa kama kaukau, siku unapita tuta inakatika na gari linaangukia tairi. Tutafute springi nne za mtumba. Au...

"Au nini?"

"Au tukuwekee spesa, bosi. Inapanda vizuri tu."

Yani nililipa kukatwa, nilipe tena kupandishwa nirudi pale nilipokuwa bure. Na akanionyesha kitu kingine bila kuombwa, akapitisha kidole nyuma kulia, kikarudi kinang'aa. Oili. Shokapu ileile, upande uleule, mpya.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Pale getini kuna kalavati, siku hizi kuna mbao mbili nazitandika ndo niingie, mbao moja nikakuta haipo, mtu kaichukua kuni. Nikaiacha gari nje. Nikawaza angalau nichukue vile vipande vya springi niviuze chuma chakavu nipate hata hela ya mbao. Nikatafuta stoo hamna, uvunguni hamna, nikaingia jikoni.

Mama Shukuru kaviosha vyote vinne. Kimoja kimekaliwa na sufuria ya maharage ya Kasulu, kimetulia hakiyumbi hata kidogo, kimoja kina birika, kingine mtungi wa maji ya kunywa.

"Hivyo vyuma vyangu navihitaji."

"Vyako vipi?" hata hakugeuka, anakoroga. "Cha nne hicho hapo mlangoni, nimemuahidi mama, kakipenda alivyokuja. Kesho utampelekea Ujiji. Ila nenda na boda."