Nyanya ni tunda, na mama mboga hajakosea

Mtoto wa jirani yangu hapa Umoja alitoka shuleni na swali: mwalimu kasema nyanya ni tunda, mbona basi inauzwa kwa mama mboga? Mama yake akamwambia mwalimu amekosea. Kwangu hakuna aliyekosea.

Mwalimu anaanzia kwenye ua. Ndani ya ua mna ovari, yaani kifuko chenye vijiyai. Ua likishachavushwa na kurutubishwa, vijiyai vya humo huwa mbegu, na ukuta wa ovari huwa tunda. Ikate nyanya kwa upana uone vyumba vyake na mbegu zilizojaa humo. Kwa kipimo hicho, hoho, bamia na boga ni matunda. Hata punje ya hindi ni tunda: ukuta wake umeshikana na mbegu ukawa ile ngozi inayokwama menoni tukila githeri. Nanasi ni matunda mengi yaliyoungana, kila jicho lilikuwa ua.

Mama mboga anaanzia kwenye sufuria. Mboga ni cha kulia ugali, kiwe jani au tunda. Mwaka 1893 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo hivyo. Mfanyabiashara John Nix alidai arudishiwe ushuru wa nyanya, kwa kuwa mboga zilitozwa asilimia 10 na matunda hayakutozwa. Majaji walikiri kwamba kwa elimu ya mimea nyanya ni tunda, lakini wakafuata lugha ya wanunuzi na walaji.

Sokoni naukubali uamuzi huo. Shambani siukubali. Chini ya ua la kike la boga kuna kiboga kidogo, tayari kina umbo lake. Nyuki asipoleta chavua kutoka ua la kiume, kinanyauka na kuanguka, na mkulima analaumu mbolea. Sukuma wiki haina shida hiyo, maana tunakula jani. Anayeziita zote mboga tu hupiga dawa asubuhi, maua ya boga yakiwa wazi na nyuki wamo ndani.

Kweli, kipimo cha mwalimu nacho kina pa kuangalia. Ndizi tunazokula hukua bila kuchavushwa. Bibo, lenye maji matamu, ni kikonyo kilichovimba. Tunda lenyewe ni korosho inayoning'inia chini yake, na Wapwani waliyapa majina mawili zamani.

Mtoto yule nimemwahidi mama yake kwamba Jumamosi saa moja asubuhi nitampeleka kwenye maboga yaliyotambaa nyuma ya ploti yetu, kabla maua hayajafumba.