Tina Brooks asisahaulike kwenye Open Sesame

Makala niliyosoma kuhusu albamu ya jazi Open Sesame inamsifu mpiga tarumbeta Freddie Hubbard peke yake, lakini albamu hii ya kwanza kwa jina lake, iliyorekodiwa Juni 19, 1960 katika studio ya fundi wa kurekodi Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, Marekani, ina nyimbo mbili za Tina Brooks, mpiga saksafoni ya tena: Open Sesame yenyewe na Gypsy Blue. Hubbard, aliyekuwa na miaka 22, alitunga moja tu, Hub's Nub. Siku 6 baadaye alirudi studio kumpigia Brooks kwenye True Blue, albamu ya Brooks mwenyewe. Sikilizeni albamu hizo mbili kwa pamoja.

Kwa vijana wa bendi wanaotaka kupiga Open Sesame: tarumbeta na saksafoni ya tena zote ni ala za B-bemoli (noti C ya karatasini husikika B-bemoli), kwa hiyo karatasi moja inawatosha, ila saksafoni itasikika oktavu nzima chini ya tarumbeta. Mkinakili kutoka karatasi ya piano, pandisheni kila noti toni moja; mkisahau, mtasikika toni moja chini ya piano na besi.

Anzeni polepole. Wengi hukimbilia kasi ya All or Nothing at All, wimbo mwingine wa albamu hii, midomo inachoka kwa sababu wanakandamiza mdomo wa tarumbeta badala ya kusukuma pumzi. But Beautiful, wimbo wa polepole wa albamu hiyo hiyo, ndiyo kipimo halisi: noti ndefu, na sauti haina pa kujificha. Hapo Hubbard ananigusa kuliko kwenye mbio zote.

Na McCoy Tyner kwenye piano jamani, mbona hakutajwa hata mara moja?