Vidonge vya kalsiamu: nani anavihitaji na nani anajitwisha mzigo

Kidonge cha kalsiamu kina watetezi na kina washtaki, na kila upande una tafiti kubwa za kujitetea. Watetezi husema mifupa ya wazee huvunjika kwa kukosa madini haya. Washtaki hujibu kwamba vidonge huongeza mawe kwenye figo, na huenda vikaudhuru moyo. Ukiwasikiliza juu juu utadhani mmoja wao anadanganya. Sivyo. Waliwapima watu wa aina tofauti, kisha wasomaji wakayachanganya majibu kana kwamba swali lilikuwa moja.

Mwili wa mtu mzima una takriban kilo moja ya kalsiamu, na 99% yake imo kwenye mifupa na meno. Hiyo sehemu ndogo inayobaki ndiyo mwili unayoilinda kwa wivu. Katika damu, kiwango chake hukaa kati ya 2.1 na 2.6 mmol/L hivi. Karibu nusu ya hiyo ni ioni huru, yaani chembe zenye chaji ya umeme zisizoshikwa na kitu, na nyingine nyingi imebebwa na protini ya albumini. Ioni huru ndiyo inayofanya kazi: misuli kujikunja, neva kupitisha taarifa, damu kuganda, homoni kutolewa. Mwaka 1883 Sydney Ringer alionyesha kwamba moyo wa chura uliotolewa mwilini huendelea kudunda kwenye maji ya chumvi yenye kalsiamu, na hunyamaza ikikosekana. Ndani ya seli, ioni hiyo ni pungufu karibu mara 10,000 kuliko nje. Seli hutumia nishati muda wote kuisukuma nje, ili tundu dogo likifunguka, kiasi kidogo kinachoingia kiwe ishara tosha ya kuanza kazi.

Mlinzi wa kiwango hicho ni tezi nne ndogo za parathairoidi, zilizoko shingoni nyuma ya tezi ya thairoidi. Kalsiamu ya damu ikishuka kidogo, zinatoa homoni ndani ya dakika chache. Homoni hiyo huchota kalsiamu kwenye mifupa, huzuia figo kuipoteza kwenye mkojo, na huiamuru figo kuigeuza vitamini D iwe katika umbo lake lenye nguvu, ambalo hufanya utumbo ufyonze zaidi. Mifupa, kwa maneno mengine, ni ghala linaloruhusiwa kupungua ili damu isipungukiwe.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mtu anaweza kula kalsiamu kidogo kwa miaka mingi, mifupa ikakonda, na kipimo cha damu kikarudi kikiwa sawasawa kabisa. Kipimo cha damu hakisemi lolote la maana kuhusu uimara wa mifupa. Kwa hilo kuna eksirei maalumu ya kupima msongamano wake. Kinyume chake pia ni kweli: kalsiamu ya damu ikiwa juu, mara chache chanzo ni chakula. Takriban visa 9 kati ya 10 vinatokana na tezi za parathairoidi zinazofanya kazi kupita kiasi au na saratani, kwa hiyo kuacha maziwa na kwenda nyumbani si jibu.

Hata namba yenyewe inahitaji kusomwa kwa makini. Chukua mgonjwa mwenye kalsiamu ya jumla 1.95 mmol/L, na albumini 25 g/L badala ya 40. Kwa kila gramu moja ya albumini iliyopungua chini ya 40, huongezwa 0.02: yaani 15 × 0.02, sawa na 0.30, na jibu lililosahihishwa ni 2.25. Hana upungufu wowote. Ana albumini ndogo. Kanuni hii hukadiria tu, na kwa mgonjwa mahututi ni bora kupima ioni huru moja kwa moja. Mkanda ukikazwa mkononi kwa muda mrefu wakati wa kuchukua damu, kalsiamu hupanda kwa uongo. Damu ikichafuliwa na EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, kutoka chupa nyingine ya vipimo, kalsiamu hushuka ajabu huku potasiamu ikiruka juu. Ukiona viwili hivyo pamoja kwa mtu asiye na dalili yoyote, rudia kuchukua damu kabla ya kuanza tiba.

Sasa turudi kwenye vidonge. Ushahidi mzito wa watetezi ulitoka Ufaransa mwaka 1992. Wanawake 3,270 waliokuwa wakiishi kwenye makao ya wazee, wenye wastani wa miaka 84, waligawanywa. Kundi moja lilipewa miligramu 1,200 za kalsiamu na yuniti 800 za vitamini D kila siku. Baada ya miezi 18, waliovunjika nyonga miongoni mwa waliomaliza utafiti katika kundi hilo walikuwa pungufu kwa 43%. Ni matokeo makubwa. Lakini tazama walikuwa nani: wazee sana, wanaoishi ndani, wenye kalsiamu kidogo kwenye chakula na vitamini D ya chini mno.

Mwaka 2006 Marekani ikatoa jibu tofauti. Wanawake 36,282 waliokwisha kukoma hedhi walifuatiliwa kwa takriban miaka 7, nusu wakipewa miligramu 1,000 za kalsiamu na yuniti 400 za vitamini D. Msongamano wa mifupa ya nyonga uliongezeka kidogo, kuvunjika hakukupungua kwa kiwango cha kuaminika, na mawe ya figo yaliongezeka kwa 17%. Wengi wa wanawake hawa walikuwa tayari wanapata kalsiamu ya kutosha, na wapo walioendelea kumeza vidonge vyao binafsi. Sioni mgongano hapa. Kirutubisho husaidia aliyepungukiwa. Aliyetosheka humwongezea madhara tu.

Shtaka la moyo ni gumu zaidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliojumuisha majaribio ya kalsiamu bila vitamini D, ulikuta mshtuko wa moyo umeongezeka kwa karibu 30%. Maelezo yake yana mantiki: dozi kubwa ya kidonge huinua kalsiamu ya damu kwa saa kadhaa, jambo ambalo chakula hakifanyi kwa kiwango hicho. Upande wa pili nao una hoja. Majaribio hayo hayakuundwa kupima moyo, na utafiti mkubwa wa Marekani haukuona ongezeko hilo kwa washiriki wote kwa jumla. Kwangu mimi shtaka halijathibitishwa, ila linatosha kunifanya nisikubali kidonge kigawiwe kila mtu aliyevuka miaka 50 kama desturi. Mwaka 2018 jopo la Marekani la huduma za kinga lilipendekeza wanawake waliokoma hedhi, wanaoishi majumbani kwao, wasipewe dozi za miligramu 1,000 au chini yake pamoja na vitamini D ya yuniti 400 au chini kwa lengo la kuzuia mifupa isivunjike.

Kuhusu mawe ya figo, zamani mgonjwa aliambiwa apunguze kalsiamu kwenye chakula, kwa kuwa mawe mengi ni kalsiamu oksaleti, yaani kalsiamu iliyoungana na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye baadhi ya mimea. Ushauri huo uliporomoka. Mwaka 2002 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya wanaume 120 waliofuatiliwa kwa miaka 5: kati ya 60 waliopewa chakula chenye kalsiamu kidogo, 23 walipata mawe tena; kati ya 60 waliokula kalsiamu ya kawaida lakini chumvi na nyama kidogo, ni 12. Kalsiamu ikikutana na oksaleti tumboni huinasa na kutoka nayo chooni. Ikikosekana, oksaleti hufyonzwa na kuishia kwenye mkojo. Kidonge kinachomezwa mbali na chakula hakifanyi unasaji huo, na ndiyo maana chakula na kidonge havihesabiwi kuwa kitu kimoja.

Kwa wajawazito mizani hulalia upande wa kidonge. Shirika la Afya Duniani hupendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku pale ambapo chakula kina kalsiamu kidogo, ili kupunguza hatari ya shinikizo la damu linalotangulia kifafa cha mimba. Dozi hiyo ni vidonge vingi, na wengi huviacha. Majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2024, moja India na jingine Tanzania, kila moja likiwa na wanawake 11,000, yalikuta miligramu 500 hazikuzidiwa na 1,500 katika kuzuia tatizo hilo. Kwa watoto njiti, India ilitoa jibu lile lile, Tanzania haikufikia kigezo cha kusema dozi ndogo haizidiwi. Hata hivyo hiyo ni habari njema kwa yeyote anayepanga ugavi wa dawa.

Anayehitaji kidonge aanze na hesabu ya chakula. Mtu mzima hulenga takriban miligramu 1,000 kwa siku, 1,200 kwa mwanamke aliyevuka 50. Maziwa mililita 250 yana karibu 300. Spinachi ina kalsiamu nyingi kwenye majedwali, lakini oksaleti yake hufanya utumbo ufyonze kama 5% tu. Anayefikisha 800 kwa chakula amebakiza 200 hadi 400, na vidonge viwili vya 500 vitapitiliza.

Kisha asome lebo. Kalsiamu kaboneti ina kalsiamu halisi 40%, kwa hiyo miligramu 1,250 hutoa 500. Sitreti ina 21%. Kaboneti huhitaji asidi ya tumbo, imezwe na chakula. Anayetumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi hiyo, kila siku afadhali apewe sitreti. Asizidishe 500 kwa mkupuo mmoja, maana ufyonzaji hupungua. Choo kigumu na gesi ndiyo malalamiko ya kawaida, zaidi kwa kaboneti. Dawa ya thairoidi, levothairoksini, itenganishwe nayo kwa muda wa saa 4, na antibiotiki za siprofloksasini na tetrasaikilini zisimezwe nayo pamoja: kalsiamu huzishika tumboni, na mgonjwa akaonekana hapati nafuu huku dawa ikipita bure.