Kwenye gari la zamani, kelele ni mshauri mbaya

Sisi wenye magari ya zamani tuna utaratibu wetu wa kubadilisha spea, nao ni kwamba kinachogonga ndicho kinachotangulia. Ikianza "ko ko ko" mbele kushoto kila ukivuka tuta, kesho yake gari liko gereji. Kwenye Toyota IST, na Dar nzima sasa ni IST, mlio huo mara nyingi ni stabilaiza linki, kile kifimbo chenye vichwa viwili. Kikichoka kabisa, gari litalala zaidi kwenye kona na wewe utakereka masikio, basi. Wakati huohuo mipira ya kupitisha mafuta ya breki, ambayo huenda ndiyo ileile iliyotoka nayo kiwandani, imepasukapasuka kwa nje na haitoi sauti yoyote. Itanyamaza hivyohivyo mpaka siku utakapokanyaga breki na pedali ikazama hadi chini.

Hela za spea hazijawahi kumtosha mtu. Ndiyo maana swali la kumuuliza fundi si "nini kimechoka", kwa sababu kwenye gari la umri huo kila kitu kimechoka, na fundi mwenye njaa atakuandikia karatasi nzima. Muulize hivi: hiki kikifa, kitaondoka na nini? Kuna spea ikifa inakufa peke yake, nyingine inaondoka na injini, na nyingine inaweza kuondoka na wewe.

IST za toleo la kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, kwa hiyo hata ile changa kuliko zote imeshapita miaka 15. Watu wanajitetea kwa kilomita: "Hii imetembea elfu themanini tu." Kwanza, kilomita za kwenye dashibodi zinarudishwa nyuma, sote tunajua. Pili, hata zikiwa za kweli, mpira hauhesabu kilomita. Mipira ya rejeta, bushi, oili sili, mikanda na tairi vinazeeka hata gari likiwa limepaki kwa mjomba chini ya mwembe. Tairi angalau inakupa tarehe yake: tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya maandishi ya DOT ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kampuni nyingi za tairi zinasema miaka 10 ndiyo kikomo hata kama kashata, yaani meno ya tairi, bado zimesimama, na wanaouza tairi za mtumba wanategemea kwamba hutainama kusoma.

Nikipewa gari la zamani leo na hela ya kuhesabu, pesa ya kwanza inakwenda kwenye mfumo wa kupoza injini. Bodi isubiri. Injini nyingi ninazozijua zilizokufa hapa kwetu hazikufa kwa uzee, zilichemshwa. Na kilichoanzisha msiba kilikuwa kidogo: mpira wa rejeta uliopasuka, mfuniko wa rejeta uliolegea, tangi la plastiki la rejeta lililopata ufa kwenye maungio, au wota pampu iliyokuwa ikidondosha tone moja moja kwa miezi. Mfuniko ule watu wanaudharau kwa sababu ni mdogo, lakini ndio unaoshikilia presha inayofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Ukishindwa kushika presha, maji yanachemka mapema na kutoroka, na dereva anaendelea kwa sababu "nimebakiza kidogo tu nifike Mbezi". Hapo silinda hedi ya aluminiamu inapinda, gasketi inaungua, na spea ya bei ya chipsi mayai imegeuka kazi ya kufungua injini.

Hapa nina ugomvi wa siku nyingi na baadhi ya mafundi wetu: thermostati, kile kivali kinachoruhusu maji kupita kwenye rejeta. Gari likichemsha kidogo tu, inatolewa na kutupwa. "Hii ni ya nchi za baridi, bosi, sisi huku joto." Sivyo inavyofanya kazi. Kwenye injini ya 1NZ-FE ya IST, thermostati inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake na kuibakiza hapo. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inazidisha mafuta, nawe unaanza kulalamika kwamba gari linakunywa. Kwenye injini kadhaa za Toyota kuna ubaya zaidi: thermostati ikifunguka ndiyo inayoziba ile njia ya mkato ya maji. Isipokuwepo, sehemu ya maji inazunguka tu ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na siku ya foleni gari linachemsha kuliko mwanzo. Basi badilisha thermostati, usiitoe. Na weka kulanti, si maji ya bomba, maana maji matupu yanakula aluminiamu taratibu na kujaza kutu kwenye rejeta uliyotoka kuinunua.

Mkanda wa taiming, ule unaopanga mwendo wa vali na pistoni, nao haupigi kelele. Kabla ya kununua chochote, jua injini yako inatumia mkanda au cheni. IST ina cheni, hilo umeponea. Corolla 110 yenye 5A ina mkanda. HiAce za dizeli za 3L na 5L zina mkanda. Subaru Forester za injini ya EJ, zile zilizopendwa kabla cheni haijaingia na injini za FB mwaka 2010, zina mkanda pia. Toyota kwa injini zake nyingi za mkanda imesema kilomita 100,000. Kama gari lina kibandiko cha Kijapani ndani ya boneti kinachoonyesha mkanda ulibadilishwa lini, mshukuru aliyekiacha. Kama hakuna na aliyekuuzia anasema "ulishabadilishwa", chukulia kwamba haujabadilishwa. Kwenye dizeli ukikatika injini ikiwa inazunguka, vali zinakutana na pistoni, na mazungumzo yanayofuata ni ya injini nyingine. Na ukiwa umefungua huko, badilisha tensheni ya mkanda, oili sili za mbele, na wota pampu kama ni ile inayozungushwa na mkanda huohuo. Ufundi wa kufungua unalipia mara moja. Ukibana leo kwa kuacha pampu ya zamani, utalipia kazi ileile tena baada ya miezi sita.

Breki sitaki hata kuzibishania. Pedi, mipira, na mafuta ya breki. La mwisho ndilo linalosahaulika. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, ila yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani, na yakishashiba, kiwango chake cha kuchemka kinaweza kushuka hadi 140. Hutalijua hilo Sinza. Utalijua ukishuka mteremko wa Kitonga nyuma ya lori, mguu haujatoka kwenye breki kwa dakika kadhaa.

Usukani na miguu ya mbele: boljointi na tairodi endi, yaani viungio vinavyoshika gurudumu na usukani, zinatangulia, shokapu baadaye, stabilaiza linki mwisho kabisa. Boljointi ya chini ikichomoka, gurudumu linakunjika na gari linakaa chini hapohapo, iwe Sam Nujoma au Chalinze. Fundi anyanyue gari, ashike gurudumu juu na chini alitikise, nawe uwe umesimama hapo unaona. Dakika tano tu. Usikubali kuambiwa "zote zimekufa" bila kuonyeshwa kinachocheza.

Kuhusu mpya au mtumba, sina dini ya upande mmoja. Alteneta, stata, kioo cha pembeni, taa, mlango, hata drive shafti ya mtumba kutoka Japani naichukua bila wasiwasi, na mara nyingi naiamini kuliko mpya ya bei rahisi iliyowekwa kwenye boksi zuri. Lakini chochote cha mpira, chochote kinachosagika, na chochote kinachoshika maisha yako, nunua kipya: pedi, boljointi, mikanda, mipira, beringi. Shokapu za mtumba najua zinauzwa sana mtaa wa Gerezani hapa Dar kama zinavyouzwa Kirinyaga Road kule Nairobi, na zipo zinazodumu. Bado sioni mantiki ya kutoa shokapu iliyozeeka kwenye gari langu na kufunga iliyozeeka kwenye gari la mtu mwingine. Feki nazo zimejaa, hata zile zenye majina makubwa ya Kijapani. Kinga ninayoijua ni kwenda na spea ya zamani mkononi, kulinganisha uzito, maandishi na mikunjo ya chuma, na kununua kwa muuzaji ambaye kesho utamkuta palepale.

Halafu kuna huu ugonjwa mpya wa kupima kwa mashine. Taa ya cheki injini imewaka, mashine imesema P0171, fundi anasema sensa ya oksijeni, unaleta sensa, taa inarudi. Namba hiyo inasema tu kwamba hewa imezidi kwa mafuta yaliyopo. Haikutaja spea. Inaweza kuwa sensa ya hewa iliyochafuka, pampu ya mafuta dhaifu, au kampira ka vakyumu kenye ufa kasikofika hata bei ya soda. Mashine inakuonyesha mtaa, nyumba unaitafuta mwenyewe. Fundi anayebadilisha kitu baada ya kitu mpaka taa izimike anajifunzia kwenye mfuko wako.

Na kabla ya kutumbukiza pesa kwenye koili, nozeli na sensa, pima kompresheni, yaani mgandamizo, ya kila silinda. Kama silinda moja iko chini kabisa, hizo spea zote ni mapambo. Hapo ndipo unapokaa na kalamu: kufungua na kufanya ovahoo, kufunga injini ya mtumba, au kuliuza kwa anayejua anachonunua. Mimi kwa gari la kawaida la mjini, injini inayopatikana kwa wingi kama 1NZ, ningefunga ya mtumba. Ila kwa masharti: niisikie ikiwaka kabla ya kulipa, ije na vifaa vyake, sili za nje na wota pampu zibadilishwe ikiwa bado iko chini, na risiti iandikwe namba ya injini. Kadi ya gari ina namba ya injini ya zamani, na usipokwenda TRA, mamlaka ya mapato, kurekebisha, siku ya kuuza mnunuzi atainama na tochi, atalinganisha, na bei yote mliyopatana itaanza upya.