Krimu ya Tabora Imo Kibuyuni

Wifi yangu alipokuja kututembelea kutoka Dar es Salaam mwezi wa kwanza, alitoa mkobani pakiti ya krimu kama mtu anayetoa dawa ya mgonjwa. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu kwamba Jumamosi nitapika tambi za nyama zenye rojo zito jeupe, zile anazozipenda. Akajua moja kwa moja kwamba Tabora hakuna krimu, kwa hiyo kaja nayo. "Wifi, bila hii utatupikia mchuzi wa kawaida tu juu ya tambi," akasema. Nikapokea, nikashukuru, nikaiweka juu ya kabati.

Simlaumu. Hata mimi niliamini hivyo kwa muda mrefu. Kila pishi ninalolikuta mtandaoni linaanza na krimu, na mara yangu ya kwanza niliizungukia mji mzima. Niliipata duka moja tu, pakiti ya nusu lita kwa bei inayokaribia kilo ya nyama. Nikarudi Isevya, mtaani kwetu, na maziwa ya kawaida badala yake, nikayamimina kwenye nyama yenye nyanya inayochemka. Yakakatika papo hapo. Tulikula mabonge meupe yanayoelea kwenye maji mekundu, na mume wangu kwa adabu zake akasema pilipili imekaa vizuri.

Sasa nina msimamo mwingine, na ninausema nikiwa nimeunguza sufuria za kutosha: chakula hiki hakihitaji krimu ya pakiti. Kinahitaji mtindi, na mtindi ndio kitu ambacho mkoa huu haujawahi kukosa.

Tuanze na kilikotoka. Nyama ya ng'ombe yenye rojo la maziwa inayojulikana zaidi duniani ni ile ya Warusi, Stroganoff. Pishi lake lilichapishwa Urusi mwaka 1871, na lilikuwa jambo dogo sana: vipande vya nyama, haradali, supu, na krimu iliyochachushwa. Narudia, iliyochachushwa. Warusi wanaiita smetana. Uyoga na vitunguu vilikuja baadaye, na tambi nazo zikaja safarini, watu wa nchi nyingine walipoipokea. Krimu tamu ya pakiti, hii inayotufanya tujione hatuna kitu, ni mbadala tu wa ile iliyochachushwa.

Na maziwa ya kwetu yanachacha. Livingstone alipokaa Kwihara mwaka 1872 akisubiri wapagazi, alikuwa na ng'ombe wa maziwa, akatengeneza jibini la safari. Aliandika kwenye shajara yake kwamba lilitoka zuri ila lina uchachu, kwa sababu maziwa ya huku yanageuka haraka. Yanaganda yenyewe ndani ya nusu siku bila kutiwa kitu. Nyumba aliyokaa ilijengwa upya, sasa ni makumbusho, nje kidogo ya mji. Kila nikipita njia ile nacheka peke yangu: yule mzee aliona hali ya hewa ya Unyanyembe, eneo letu hili la Tabora, kuwa kikwazo cha jibini, na mimi naiona ndiyo mpishi msaidizi.

Lakini mtindi una tabia zake, na hapa ndipo wengi wanaangukia. Smetana ya Kirusi ina mafuta mengi, na mafuta ndiyo yanayozuia maziwa yasikatike kwenye moto. Mtindi wa kawaida una mafuta machache, ukiuchemsha unakuwa kama mchanga mweupe. Kwa hiyo usichukue mtindi wote. Chukua wa juu. Maziwa ya ng'ombe wetu wa asili yana mafuta mengi kuliko ya wale weusi na weupe wa kisasa, na yakigandia kwenye kibuyu au ndoo bila kutikiswa, mafuta yanapanda juu na kufanya tabaka zito la njano njano. Mama mkwe wangu, ambaye anatuletea maziwa kutoka Nzega, tabaka lile hulikusanya kwa ajili ya samli. Mimi nikamwomba vijiko sita. "Mwanangu, samli unataka kuipika kabla haijawa samli?" Ndiyo, mama. Hasa hivyo.

Maziwa ya viwandani hayafai kwa kazi hii. Mengi yamesagwa mafuta yake yakachanganyika, hayapandi tena hata ukayaangalia wiki nzima. Nunua kwa kijana wa baiskeli mwenye madumu, muulize kama maziwa ni ya jana jioni au ya asubuhi, mkaripie kidogo kuhusu maji, yachemshe, yapoe, tia kijiko cha mtindi wa zamani, funika, nenda kalale.

Sasa nyama, maana kwenye nyama mapishi ya mtandaoni yanatudanganya waziwazi. Yanasema kaanga dakika tano, zima moto. Hiyo ni nyama ya ng'ombe aliyesimama zizini akila pumba, akachinjwa, nyama ikatundikwa kwenye baridi siku nyingi mpaka ikalainika yenyewe. Ng'ombe wetu ametembea. Ametoka Igunga kwa miguu yake kutafuta maji na majani, amechinjwa alfajiri, na saa tatu asubuhi yupo kwenye ndoano ya bucha, nyama bado ina joto. Nyama ya saa hizo imejikaza. Ukiikaanga dakika tano utatafuna mpaka kesho.

Mimi nanunua steki ya nusu kilo. Sarara ingefaa, ila mwenye bucha anawawekea watu wake, na mimi si mtu wake. Nikifika nyumbani naikata vipande vyembamba kwa kukatiza nyuzi, si kuzifuata. Hilo peke yake ni nusu ya ulaini. Nikiwa na papai bichi naparuza kipande kidogo, naipaka nyama kwa nusu saa, si zaidi, maana papai likizidi nyama inakuwa uji kwa nje. Halafu naichemsha na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi kwa saa nzima au saa na nusu, moto mdogo. Kwenye jiko la mkaa moto mdogo ni kufunika makaa kwa majivu, na kuacha kufunuafunua sufuria kama mtu anayetafuta simu yake. Zile kano ngumu huyeyuka taratibu na kuipa supu utelezi. Supu hiyo usiimwage. Ndiyo inayobeba kila kitu.

Uyoga ndiyo fahari ya Tabora na sielewi kwa nini hatujisifii nao zaidi. Mvua zikishaanza, kuanzia mwezi wa kumi na moja, pori letu la miyombo linatoa uyoga, na kina mama wanaupanga kandokando ya barabara kwenye beseni na sahani. Nunua kwa mtu anayeujua, usijiokotee. Uyoga hauna msamaha. Ule mkavu unaouzwa sokoni miezi ya kiangazi una harufu kali zaidi, unaloweka kwenye maji ya moto, unakamua, unakata. Na hapa kuna jambo linalonifurahisha: miezi ya uyoga ndiyo miezi ya maziwa. Majani yapo, ng'ombe wameshiba, kibuyu kimejaa. Mwezi wa tisa na wa kumi, malisho yakishakauka, maziwa ni haba na hata wa juu unakuwa mwembamba. Miezi hiyo sipiki chakula hiki. Napika maharage.

Tambi zina kesi yake. Kwa sisi wengi, tambi ni za sukari: iliki, tui la nazi, zabibu kavu, mezani wakati wa futari. Mama mkwe alipoona nazitia chumvi alinyamaza. Kunyamaza kwa mkwe mnakujua. Baadaye akauliza, "Na hizi hazikaangwi kwanza?" Kwa tambi tamu tunazivunja na kuzikaanga kwenye mafuta mpaka zigeuke rangi, ndipo tunatia maji. Nikasema hapana, hizi zinachemshwa. Usiku nikaanza kulifikiria swali lake. Tambi nyingi za bei ya kwetu zinalainika haraka mno. Ukigeuka kuita mtoto zimeshakuwa ugali. Jumamosi ile, siku ya wifi, nikazikaanga kidogo kwenye samli kwanza, kisha nikazichemsha kwenye maji mengi yenye chumvi, nikazitoa kabla hazijaiva kabisa. Zilikaa kila moja peke yake, na zikawa na harufu ya kukaangwa ambayo hakuna pishi la mtandaoni lililonipa. Siku hizi sizipiki bila kuzikaanga. Na maji yake nabakiza kikombe kimoja, yana wanga, yanafunga rojo.

Kuunganisha ni dakika kumi, na hapa ndipo haraka inapoharibu. Kaanga vitunguu maji viwili kwenye samli mpaka vilainike na kuanza kuwa vya kahawia. Tia uyoga, acha maji yake yakauke. Tia nyama, pilipili manga nyingi, kijiko cha haradali ukiwa nayo. Nyunyiza kijiko kimoja cha unga wa ngano, geuza dakika moja, mimina vikombe viwili vya supu kidogo kidogo. Nyanya usitie. Najua mkono unawasha, mchuzi bila nyanya tunauona kama mtu aliyetoka bila viatu, lakini uchachu wa mtindi unatosha, na nyanya ndiyo iliyonikatia maziwa siku ile.

Rojo likishakuwa zito, epua. Epua kweli, weka chini sakafuni. Chukua ule mtindi wa juu kwenye bakuli, changanya na vijiko viwili vya rojo la moto, koroga, ongeza vingine viwili. Unauzoesha joto, kama unavyomzoesha mtoto maji ya kuoga. Ndipo unaurudisha wote sufuriani na kukoroga. Kazi ya ule unga ni hapo, unashika mtindi usitengane. Tia tambi na maji yake kidogo, geuza, pakua. Usirudishe jikoni hata kama mtu kachelewa kula. Aliyechelewa ale kikiwa vuguvugu.

Wapo wasomaji watakaosema huu ni uzungu tu, tungekula wali kwa nyama tukapumzika. Hata mimi wiki nzima nakula wali. Ninachokataa ni lile wazo kwamba chakula cha mgeni lazima kije na pakiti zake zote, na kwamba mtu wa Tabora akikipika amekosea hesabu mahali fulani. Nyama, uyoga, samli na mtindi, vyote nilivipata bila kupanda gari. Kilichotoka mbali ni tambi na haradali.

Wifi alikula sahani mbili. Alipomaliza akasema krimu yake imekubali. Mama mkwe akaangalia kabati, akaniangalia mimi, akaendelea kuchokonoa meno. Nikasimama nikaishusha pakiti, nikaiweka mezani mbele yake, haijafunguliwa.

"Kwa hiyo nimekula nini?"

"Mtindi wa mama."

Akamgeukia mama yake kama mtu aliyeibiwa. Amekua kwenye mtindi ule, miaka kumi na tano ameukimbia kwa sababu ni wa kijijini. Asubuhi ya kuondoka akaomba afungiwe kwenye dumu. Nikamwonya kwamba kwa basi na joto lile utachacha zaidi kabla hajafika Dodoma, dumu litavimba, abiria watamchukia. Mama akamfungia chupa mbili za samli na mfuko wa uyoga mkavu badala yake.

Pakiti aliiacha. Ipo palepale juu ya kabati. Jana nilipokuwa nafuta vumbi nikaigeuza kuangalia tarehe: bado ina miezi mitano.