VPN Isitulazimishe Kubadili Mfumo wa Kompyuta

Wateja wangu hapa Malindi, wengi wao wakiwa makarani wa nyumba za wageni na wa vyama vya wavuvi, hutumia kompyuta mpakato kuukuu zenye RAM ya GB 2, ambazo nimeziwekea antiX, Devuan au Void kwa kuwa mifumo hiyo ya Linux ni myepesi na haiendeshwi na systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma katika Linux nyingi. Kompyuta hizo hufanya kazi vizuri hadi siku mwajiri anapotaka hesabu zipelekwe kwenye seva iliyoko Mombasa kupitia VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti. Hapo programu ya mtoa huduma wa VPN hutafuta systemctl, amri ya kuiendesha systemd, huikosa, na usakinishaji hukwama katikati. Mteja akiomba msaada, huambiwa abadilishe mfumo mzima. Jibu hilo silikubali hata kidogo.

VPN yenyewe haiitegemei systemd. Aina mbili za VPN zinatosha kuwa mfano: WireGuard imo ndani ya kerneli (kiini) ya Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020, na OpenVPN huendeshwa kwa amri moja kwenye terminali ya mfumo wowote. Kinachotofautiana ni nani anayeianzisha VPN kompyuta inapowashwa, na nani anayeiinua inapoanguka. Kwa systemd ni faili la .service, kwa sysvinit na OpenRC, zinazofanya kazi hiyohiyo, ni skripti ndani ya /etc/init.d, kila mmoja kwa muundo wake.

Runit, ya nne katika kundi hilo, ndiyo inayowasumbua wengi, ingawa kwa maoni yangu ndiyo iliyo nyepesi kuliko zote. Katika Void, huduma ni folda iliyomo /etc/sv yenye faili liitwalo run, na folda hiyo huunganishwa na /var/service ili huduma ianze. Kwa OpenVPN mistari miwili inatosha: wa kwanza ni #!/bin/sh, na wa pili ni exec openvpn --config /etc/openvpn/ofisi.conf. Ile exec huifanya OpenVPN ishike nafasi ya skripti, hivyo runit huisimamia programu yenyewe moja kwa moja. Balaa huja usanidi unapokuwa na mstari wa daemon, kwani OpenVPN hujitenga na kwenda kufanya kazi kivyake. Runit hudhani imekufa, huanzisha nyingine, kisha nyingine tena. Kwa kuwa seva ya OpenVPN kwa kawaida humwondoa aliyetangulia pindi cheti kilekile kinapoingia upya, nakala hizo hutoana zenyewe kwa zenyewe, na karani hubaki akiulaumu mtandao wa simu.

La hatari zaidi ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, maana hilo halipigi kelele. Usanidi wa WireGuard ukiwa na mstari wa DNS, wg-quick, amri inayoiwasha WireGuard, huita amri ya resolvconf ili kubadilisha seva ya DNS, na isipoipata huufuta muunganisho wote ilioanza kuujenga. Kusakinisha openresolv, yenye amri hiyo, humaliza tatizo. Heri kosa la namna hiyo, kwa sababu linaonekana. Programu nyingine za VPN huandika moja kwa moja kwenye /etc/resolv.conf, faili linalotaja seva ya DNS, kisha dhcpcd, programu inayoomba anwani ya mtandao, hulifuta andiko hilo inapopata upya anwani kutoka kwa ruta, na tangu hapo majina ya tovuti anazofungua mteja yaweza kuulizwa nje ya VPN, hali yeye anaona alama ya kijani na kuamini kwamba amelindwa. Kampuni inayouza faragha haina udhuru kwa jambo hilo.

Ninachodai kwa kampuni hizo si kikubwa: programu ikubali kukaa mbele bila kujitenga, na mafaili ya kuianzishia kwa systemd, sysvinit, OpenRC na runit yatolewe pamoja nayo. Hadi watakapofanya hivyo, nawashauri wateja wangu waulize kabla ya kulipa kama watapewa faili la usanidi pekee la WireGuard au OpenVPN. Anayelitoa, tunafanya naye kazi bila kuihitaji programu yake; anayekataa, tunatafuta mwingine.